Pesa ya Kisumu inaishia barabarani

Saa kumi na moja na dakika kumi asubuhi, siku za kazi, mimi huwa steji ya Luanda, kaunti ya Vihiga, na mtu yeyote wa huku atakuambia watu wa hiyo saa ni wale wale. Kuna mama mmoja anapika kwa hoteli huko Kisumu, pesa yake ameifunga kwa fundo la leso na hafungui mpaka asikie bei kwanza. Kuna vijana wa mjengo wamefunga mwiko na pimamaji ndani ya gunia, kuna madada wawili wa duka la nguo wamevaa slipas, viatu vya kazi viko kwa mfuko ju matope ya njia ya kwao yataviharibu kabla wafike lami. Hakuna mtu anaongea sana. Wote tunangoja makanga aseme bei ya leo.

Akisema "mia, mia Kisumu" watu wanaingia haraka. Akisema "mia hamsini" kila mtu anasimama kwanza, na mama wa leso anamuuliza kwa upole, "Kijana wangu, jana si ilikuwa mia?" na kijana anamjibu bila ubaya, "Mathe, leo shule zinafunguliwa, magari ni machache." Na ni ukweli, magari ni machache. Lakini mshahara wa huyo mama ulipangwa mwanzo wa mwezi na hakuna mahali uliandikwa kwamba shule zikifunguliwa utaongezwa.

Watu wakiongea kuhusu usafiri wa miji midogo utasikia barabara mbaya, madereva wabaya, boda hazina adabu. Kwetu barabara ni lami tangu Kisumu mpaka Busia, kutoka Luanda ni kama kilomita 30, unapita Maseno pale kwa ikweta, unashuka Lela, Kisian, Otonglo, na gari isiposimama sana uko mjini chini ya saa moja. Umbali si mkubwa. Shida yetu ni kwamba tunafuata mshahara wa mji mkubwa alafu ile nyongeza yote tunaiacha barabarani, na hakuna ofisi hata moja unaweza kwenda kuuliza kwa nini, ju tunalala kaunti moja na kufanya kazi kaunti ingine.

Wacha nipige hesabu polepole ju hapa ndio kila kitu kiko. Agizo la mishahara la Novemba 2024 linasema kibarua wa kawaida akifanya kazi Kisumu asilipwe chini ya shilingi 16,113 kwa mwezi, hiyo ni kabla ya posho ya nyumba. Kazi hiyo hiyo ukiifanya kwa mji mdogo kama Luanda, wenye uko kwa lile kundi la "maeneo mengine yote", kiwango cha chini ni 8,596. Kwa hivyo sheria yenyewe inakuambia ukivuka kwenda Kisumu utapata kama 7,500 zaidi. Sasa chukua siku ya kawaida: boda kutoka nyumbani mpaka steji 50, matatu inazunguka 120, ukifika mjini unatembea kwa miguu mpaka kazini. Hiyo ni 170 kwenda na 170 kurudi, jumla 340, na ukifanya siku 26 kwa mwezi ni 8,840. Yaani zaidi ya nusu ya huo mshahara, na ni kubwa kuliko ile tofauti ya 7,500 yenye ilikutoa nyumbani. Na hapo sijaweka siku za mvua, sijaweka siku za sikukuu, sijaweka chai ya saa nne yenye ungekunywa kwako bure. Na kuna wengi wanalipwa chini ya hicho kiwango, hilo kila mtu anajua.

Mtu ataniuliza basi mbona msibaki Luanda. Ju hiyo kazi ya 8,596 pia haiko, wenye wako nayo wameishikilia. Vihiga kwa sensa ya 2019 tulikuwa watu 590,013, na kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 1,000, shamba la baba limegawanywa na la babu lilikuwa limegawanywa tayari, wewe unapata mahali pa nyumba na migomba kadhaa na laini chache za sukuma. Huwezi kula hapo mwaka mzima. Na ukiniambia basi nihamie Kisumu nipange bedsita Manyatta ama Nyalenda, hapo nitalipa kodi, nitalipa maji ya mtungi, nitanunua hata dania, na bado mama yangu atakuwa pekee yake huku Bunyore na dawa zake za presha. Watu wengi kwa hiyo steji ya asubuhi wameamua kama mimi, nyumba ni yao, hawalipi kodi, kwa hivyo fea ndio imekuwa kodi yetu. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi saa kumi na mbili jioni ju ameona wingu.

Hilo wingu nilifafanue ju mtu wa Nairobi anaweza asielewe. Kisumu mvua nyingi inakuja jioni, joto la mchana likishapanda mawingu yanajikusanya kutoka upande wa ziwa, na mara nyingi ni ile saa watu wanatoka kazini. Juzi nilikuwa steji ya Kisumu saa kumi na mbili kasoro, gari ya kwanza ilikuwa inajaza 120, nikakosa na watu wawili tu. Gari ya pili ikaingia, matone makubwa yakaanza, na makanga hata kabla mlango ufunguke akasema mia mbili. Hakuna mtu alibishana. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, akamfunika na karatasi ya nailoni, akauliza kama anaweza kulipa mia na hamsini mpaka Maseno, makanga akaangalia foleni nyuma yake akasema "songa kando kidogo mathe, wacha wenye wako tayari waingie". Yule mama alisogea kando. Mimi nilikuwa nimeshaingia, nilikuwa na mia mbili na kumi mfukoni, singeweza kumwongezea hamsini, na hiyo picha ya mtoto chini ya nailoni imekaa na mimi mpaka sai.

Sitaki kumfanya huyo makanga kuwa mtu mbaya ju nimeongea na wao sana na najua vile siku yao inaenda. Asubuhi gari inaenda Kisumu imejaa, inarudi Luanda karibu tupu, maana nani anatoka Kisumu saa moja asubuhi akija Luanda? Jioni ni kinyume, inashuka tupu inapanda imejaa. Kwa hivyo fea yako wewe mwenye umejaa inabeba pia ile safari ya viti vitupu, na hapo ndio watu wengi wanakosea wakihesabu mafuta ya kwenda peke yake. Juu ya hiyo kuna pesa ya tajiri mwenye gari yenye lazima ifike jioni hata kama siku ilikuwa mbaya, kuna ya sacco, kile chama cha wenye magari, kuna ada ya steji huku na ada ya steji huko, na kuna ile mkono kwa mkono ya pale kwa kizuizi yenye haina risiti. Dere na makanga wanagawana chenye kimebaki. Ndio maana gari ya abiria 14 unasikia "kaeni wanne wanne", mnawekewa ile mbao ya sambaza katikati ya viti, na ukikosa hiyo kuna Probox, watu wanne nyuma, wawili mbele na dere, wengine kwa buti wamekunja magoti. Nimepanda buti mara nyingi kuliko ningependa kusema, ukiwa huko nyuma gari ikishuka ile mteremko ya kwenda Kisian unaomba tu breki zishike.

Mafuta ndio kisingizio kikubwa na pia ni sababu ya kweli, yote mawili. Oktoba 2023 petroli bei ya Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita, fea ikapanda, na hakuna mtu mwenye akili alilalamika ju kila mtu aliona bango. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, lita ilikuwa 180.66, yaani shilingi 36 na kitu zimetoka. Hapa kwetu fea haikurudi nyuma hata shilingi kumi. EPRA, ile mamlaka ya serikali ya bei ya mafuta, inatangaza bei mpya tarehe 14 kila mwezi, ikipanda tunasikia steji kesho yake asubuhi, ikishuka hatusikii kitu. Hii haiwezi kuwa soko huria vile watu wanatuambia, ju soko huria linapanda na linashuka.

Na boda tusiisahau, hiyo ndio inaumiza kimyakimya. Angalia, matatu inanipeleka kilomita 30 kwa 120, hiyo ni shilingi 4 kwa kilomita. Boda inanipeleka kilomita mbili kwa 50, hiyo ni 25 kwa kilomita. Neno boda lenyewe lilizaliwa huku kwa barabara yetu, Busia, wakati watu wa baiskeli walikuwa wanavusha abiria mpaka hadi mpaka, na baiskeli ilikuwa bei ya kila mtu. Pikipiki zilikuja kwa wingi baada ya ushuru kupunguzwa hapo 2008, zikatusaidia sana, mgonjwa anafika hospitali usiku, sikatai. Lakini mimi kilomita mbili naweza kutembea, niko na miguu mizima. Sitembei ju saa kumi na dakika arobaini usiku ni giza na ile njia iko na miti pande zote mbili, na kama mimi mwanaume naogopa, sembuse hao madada wa slipas. Pale sokoni tumewekewa mulika mwizi moja kubwa, ile taa ya nguzo ndefu, inamulika maduka yenye yamefungwa, na njia za watu kwenda steji ziko giza totoro. Taa kumi tu kwa njia tatu kubwa za kuingia steji zingerudishia watu wengi mia moja kila siku, hamsini asubuhi na hamsini jioni. Hiyo ni 2,600 kwa mwezi. Hakuna mwanasiasa ameniambia atanipatia 2,600 kwa mwezi, na hii ingekuja na nguzo na waya tu.

Sasa tufike kwa hiyo mambo ya kaunti. Katiba ya 2010 kwa Jedwali la Nne imepatia kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani, imeandikwa wazi. Sawa. Lakini mimi usafiri wangu unaanzia Vihiga, unapita Maseno, pahali penye Kisumu na Vihiga zimevutana miaka mingi kuhusu mpaka, na unaishia mjini Kisumu. Jirani yangu wa kwa gari anapandia Yala, hiyo ni Siaya. Vihiga ikipanga usafiri inapanga mpaka kwa mpaka wake, inachukua ada ya steji na kazi imeisha. Kisumu nayo mwaka 2020 ilitoa mpango wake wa usafiri endelevu, na pale katikati ya mji wametengeneza njia za miguu nzuri kabisa, nazipitia kila siku na nashukuru, lakini huo ni mji wa Kisumu ukijipangia. Sisi wa kutoka nje tunaonekana tukishafika steji, tunahesabiwa kama magari, na jioni tunapotea. Hatupigi kura Kisumu. Gavana wa Vihiga hawezi kuamrisha steji ya Kisumu, wa Kisumu hana kura ya kututafuta Luanda, na hakuna mmoja wao amekosea sheria.

Watu wataniambia fea haipangwi na serikali, ni biashara ya watu. Najua, leseni inatoka NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, bei inatoka kwa sacco. Lakini serikali ikitaka kitu kwa matatu inaweza, tuliona. Mwaka wa 2004 John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi alilazimisha mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, dere na makanga wavae yunifomu, na kila mtu alisema haiwezekani, magari yakagoma, watu wakatembea siku kadhaa, alafu ikawezekana. Mwenye alisafiri hiyo miaka anakumbuka vile ndani ya gari palikuwa na nafasi. Mimi sisemi bei ikatwe na nguvu mpaka watu wa magari wafunge biashara. Nasema bei iandikwe. Kibao kimoja pale Luanda na kingine Kisumu, kiseme siku ya kawaida ni ngapi, na siku ya watu wengi isipite ngapi, na tarehe 15 EPRA ikibadilisha kibao kiguswe pande zote mbili, kupanda na kushuka. Mtu wa mshahara wa 16,113 akijua bei ya juu kabisa anaweza kupanga mwezi. Sai hawezi, anatembea na fundo la leso anangoja kusikia.

Nani ataandika hicho kibao? Hapo ndio naona Nairobi walishatuonyesha njia. Mwaka 2017 walipata NaMATA, ofisi moja ya usafiri ya kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ju waliona mtu wa Kitengela ama Thika ni mfanyikazi wa Nairobi tu, hata kama kura yake iko kwingine. Kama imefanya kazi yake yote ama la hiyo ni hadithi ingine ya watu wa Nairobi wenyewe, lakini angalau iko, mtu ana mahali pa kupeleka swali. Huku magharibi tuko na muungano wa kaunti 14 za ukanda wa ziwa, wanakutana kuhusu uwekezaji na benki na utalii, yote mazuri, lakini mimi sijasikia wakikaa chini kuhusu huyu mama wa saa kumi na moja asubuhi. Na hawahitaji hata hizo 14. Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 inaruhusu kaunti mbili ama tatu kuunda kamati ya pamoja kwa kazi moja. Kisumu, Vihiga na Siaya, kazi moja, barabara hii moja. Alafu wafanye vivyo hivyo kwa ile barabara ingine ya kuingia Kisumu, ya Kiboswa, Majengo na Chavakali, ju huko hadithi ni hii hii.

Na kuna reli. Hii inaniuma zaidi ju naivuka kila asubuhi kwa boda. Treni ilifika Kisumu 1901, na 1930 hivi wakavuta tawi mpaka Butere, na hilo tawi linapita hapa hapa kwetu, Maseno, Luanda, Yala, linafuatana na barabara karibu njia yote kana kwamba mtu aliketi akafikiria watu wa kwenda kazini Kisumu. Miaka ya karibuni reli ya kutoka Nakuru mpaka Kisumu ilirekebishwa na Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi ikarudi Kisumu, mji ulifurahi sana, nilikuwa huko. Lakini hiyo ni treni ya safari, ya kwenda kuona watu Krismasi. Mimi tangu nianze kazi Kisumu sijawahi kwenda kazini na treni hata siku moja.

Kumbuka ile shida ya gari kwenda imejaa na kurudi tupu. Matatu 20 zikienda hivyo ni madereva 20 na tangi 20 zinazorudi na viti vitupu, na sisi ndio tunalipa. Treni moja ya mabehewa manne ikienda mara moja asubuhi na kurudi mara moja jioni inaweza kulala upande mmoja na kungoja, haihitaji kurudi mbio kutafuta abiria ili tajiri apate yake. Mvua haipandishi tiketi ya treni. Watu wa Syokimau, yenye ni Machakos na sio Nairobi, walipata stesheni yao Novemba 2012 wakaanza kwenda mjini na treni, na hakuna mtu aliuliza wao ni wa kaunti gani. Matatu hazitakufa, siku nzima kuna watu wa soko, wa shule, wa hospitali, na boda bado itahitajika. Chenye treni itaondoa ni ile kukimbilia mlango wa gari saa kumi na mbili jioni na mtoto mgongoni.

Kitu kimoja tu watu wa reli wasikosee wakifikiria hii, ju ndipo mipango mingi inaharibikia: saa. Mwaka jana nilichelewa dakika ishirini, gari ilikuwa imesimama Lela ikibadilisha gurudumu, na supavaiza wangu akanikata nusu siku, hakutaka kusikia habari ya gurudumu. Wengi wetu tunaingia kazi saa moja kamili, wa hoteli wanaingia mapema zaidi. Kwa hivyo hiyo treni iwe imetoka Yala saa kumi na moja kasorobo, Luanda saa kumi na moja, na jioni isitoke Kisumu kabla ya saa kumi na mbili na nusu, ju duka za nguo zinafunga saa kumi na mbili na hao madada wawili lazima wapate dakika za kupiga hesabu ya siku na kutembea mpaka stesheni.